Mutoshi: Lupango iko, mkopo hakuna

KOLWEZI, Lualaba. Kuna mama mmoja anayeuza unga na samaki mikavu pembeni ya barabara ya kuingia Mutoshi. Makaratasi yake yote anayaweka katika mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko huo unakaa chini kabisa ya sanduku la nguo, ili mvua na panya visiufikie. Jumanne moja aliutoa, akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda moto mpaka mjini. Alikuwa anaenda kukopa dola 300 ili anunue unga mifuko mingi kwa mara moja, badala ya kununua mmoja mmoja kwa bei ya juu.

Kijana wa ofisi ya mikopo alimpokea vizuri.

– Mama, makaratasi ya lupango iko?

– Iko, papa.

Alifungua mfuko. Ndani kulikuwa barua ya shefu wa kijiji yenye muhuri, fishi ya lupango iliyotolewa na mtaa, karatasi ya mauzo yenye alama za vidole vya mashahidi watatu, na risiti za zamani ambazo wino wake unaanza kufutika. Kijana alizisoma moja moja. Hakucheka, hakudharau. Kisha akazipanga na kumrudishia.

– Mama, haya yote yanaonyesha kwamba unakaa pale. Lakini hayawezi kuwa garanti ya deni. Tunaomba sertifika.

– Sertifika gani tena, papa? Shefu mwenyewe alipima ile lupango kwa miguu yake.

– Najua, mama. Lakini shefu si serikali.

Alirudi na maneno hayo. Njiani moto ilipita kando ya ukuta wa mgodi. Kampuni yenye kibali cha kuchimba nyuma ya ukuta wa namna hiyo inaweza, waziri akikubali, kuweka haki yake ya madini rehani na kukopa. Sheria ya Madini ya 2002 inaruhusu jambo hilo waziwazi, na marekebisho ya 2018 hayakuliondoa. Kwa hiyo haki ya kilicho chini ya udongo inapata mkopo, na mama anayelala juu ya udongo huo huo hapati. Kijana wa ofisi hakutunga sheria hiyo. Imetoka mbali, na tarehe zake zinajulikana.

Udongo ulioitwa mtupu

Tarehe 1 Julai 1885, miezi minne baada ya mkutano wa Berlin kumalizika, utawala wa Mfalme Leopold wa Pili ulitoa amri kwamba udongo mtupu, usiokuwa na mwenyewe, ni mali ya serikali. Amri ile ile ilikataza kuwafukuza wenyeji kwenye udongo wanaoukalia. Mtu akiisikia haraka atasema ni amri nzuri. Shida iko katika neno moja: mtupu. Nani anaamua kwamba udongo ni mtupu?

Kwa wakaaji wa huku, shamba lililopumzishwa miaka mingi si shamba lililoachwa. Pori wanakookota finkubala na uyoga si pori bila mwenyewe. Milima ambako mababu walichimba jiwe la kijani na kuyeyusha shaba wakati wa kiangazi ilikuwa na wenyewe wanaojulikana kwa majina. Lakini kwa wakala wa serikali aliyepita na karatasi yake, mahali pasipo na nyumba wala muhogo palikuwa patupu. Mwaka 1906 amri nyingine ilieleza kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, wanaoulima ao wanaoutumia kwa njia yoyote kufuatana na desturi zao. Maneno yalipanuka, ila aliyepima mipaka alibaki yule yule.

Katika Katanga serikali haikufanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1891 iliundwa Compagnie du Katanga. Kampuni hiyo iliahidiwa theluthi moja ya udongo ulioitwa mtupu, kama malipo ya kuikalia nchi kwa niaba ya Leopold. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, msafara uliotumwa na kampuni hiyo ulimuua Msiri kule Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo la Lualaba. Kwa kuwa kugawanya theluthi hizo kwenye ramani kulikuwa kugumu, mwaka 1900 walianzisha Comité Spécial du Katanga ili isimamie yote kwa pamoja: faida sehemu mbili kwa serikali, sehemu moja kwa kampuni.

Chombo hicho kilikuwa serikali na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Kiligawa udongo, kiligawa haki za madini, kilikuwa na polisi wake, na kilitawala Katanga mpaka 1910. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Mgodi wa Ruwe, ambao leo unaitwa Mutoshi, ulikuwa kati ya migodi ya kwanza ya eneo hili, hata kabla Kolwezi haijakuwa mji.

Jirani wa yule mama ni mzee aliyefanya kazi Gécamines miaka mingi, na baba yake alifanya kazi Union Minière. Mama alipomsimulia maneno ya kijana wa ofisi, mzee alicheka kidogo.

– Shefu si serikali? Mwanangu, wakati wa kodi shefu alikuwa serikali. Wakati wa kutafuta watu wa kazi alikuwa serikali. Ni wakati wa udongo tu ndipo anakuwa si serikali.

Mzee hakukosea. Amri ya 1933 iliwaweka mashefu ndani ya utawala wa kikoloni, kwa kodi, kwa barabara, kwa mahakama ndogo. Lakini karatasi ya shefu haikupewa nguvu ya kuandikishwa katika kitabu cha udongo cha serikali.

Vitabu viwili

Toka mwanzo kulikuwa na njia mbili. Udongo uliopimwa na kuandikishwa ulipata sertifika. Mwenye sertifika aliweza kuuza, kurithisha, na kuweka udongo rehani ili apate mkopo. Njia hiyo ilikuwa ya makampuni, misioni na wazungu waliokuja kulima na kufanya biashara. Mwaka 1947 kilianzishwa hata chombo maalumu cha kuwakopesha, Crédit au Colonat. Jina lenyewe linasema kilikuwa cha nani.

Njia ya pili ilikuwa ya desturi. Udongo ule ulikuwa wa ukoo ao wa kijiji, ukiongozwa na shefu, na haukuweza kupelekwa benki. Mjini, mwafrika alipewa ruhusa ya kukaa. Katika kambi za Union Minière hali ilikuwa wazi zaidi. Mzee anakumbuka baba yake alivyosema: unapopata kazi unapewa nyumba, kazi ikiisha unarudisha funguo. Kuta zilikuwa nzuri, maji yalikuwapo, lakini baba hakuwahi kuwa na kitu ambacho angeweza kukitolea deni ao kumwachia mtoto.

Wakoloni walikuwa na maelezo yao. Walisema mwafrika akiruhusiwa kuweka udongo rehani, wakopeshaji watamnyang'anya, na kijiji kitabaki bila shamba. Hofu hiyo haikuwa uongo mtupu, na itarudi tena katika habari hii. Lakini kinga ile ilimzuia mwenyeji peke yake. Haikuzuia serikali kuutoa udongo wa kijiji hicho hicho kwa kampuni. Ni mwaka 1953 tu amri ilipowafungulia Wakongo mlango wa kuwa na udongo wao binafsi wenye hati. Miaka saba baadaye, tarehe 30 Juni 1960, uhuru ulifika, na wengi walikuwa bado hawajaupita mlango huo.

Bendera ilibadilika, kitabu kikabaki

Watu wengi wa Mutoshi wanafikiri kwamba uhuru ulirudisha udongo kwa wenyeji. Uliurudisha kwa serikali. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilivunja ukubwa wa makampuni kama Comité Spécial du Katanga kwa kuurudisha udongo wote mikononi mwa serikali ya Kongo. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikapita kwa kampuni ya serikali ambayo baadaye ilikuja kuitwa Gécamines.

Kisha ikaja sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Ndiyo inayomhusu yule mama zaidi ya zote. Jina lake refu linataja mali, udongo, majengo na garanti za madeni, yote katika sheria moja. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake, hauuzwi na haupotezi mwenyewe kwa kupita kwa miaka. Raia anapewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesyo. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa kisheria kwa sertifika tu.

Na vijiji? Kifungu cha 387 kiliingiza udongo unaokaliwa na wenyeji ndani ya mali ya serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya udongo huo zitapangwa kwa amri ya rais. Zaidi ya miaka arobaini ilipita, amri ile haikutoka. Familia zikaendelea kuishi kama zamani, na shefu akaendelea kupima kwa miguu na kutia muhuri. Ila mbele ya kitabu cha serikali walikuwa kama watu wanaosubiri barandani bila kuitwa ndani.

Kuna jambo lingine ambalo kila mtu mwenye lupango anapaswa kulijua. Kifungu cha 227 kinasema sertifika ikitimiza miaka miwili, haiwezi tena kushambuliwa mahakamani. Aliyedanganywa anaweza kudai fidia ya feza tu. Kwa maneno mengine, mtu wa mbali akipata sertifika juu ya lupango ambayo wewe unaikalia, na wewe ukakaa kimya miaka miwili, unaweza kubaki na kesi ya feza bila udongo.

Tangu 2012 Kongo iko pia katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA. Sheria yake kuhusu garanti inataka nyumba ao udongo unaowekwa rehani uwe umeandikishwa. Kijana wa ofisi alikuwa anafuata kanuni iliyowekwa mwaka 1973, ikatiwa nguvu na OHADA, lakini mzizi wake ni kitabu kile cha wakati wa Leopold.

Kule sertifika isikofika

Mtu akikosa mkopo wa ofisi, haachi kukopa. Anaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na deni hilo kotekote Kongo linaitwa Banque Lambert, kwa jina la benki moja ya zamani ya Brussels. Ukichukua franka 100,000 unaweza kuambiwa urudishe 150,000 mwisho wa mwezi. Garanti ni televisheni, simu, ao kadi ya mshahara ya mume. Kwa kucheka raia walimpa mkopeshaji wa gizani jina la benki ya wazungu, maana benki yenyewe hawakuwahi kuingia.

Njia ya pili ni likelemba. Yule mama yuko katika likelemba ya wanawake kumi. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa, na mmoja anachukua yote. Hakuna anayeombwa karatasi. Garanti yao ni kwamba wanajuana, na kwamba anayekimbia na feza za wenzake hatapata tena mahali pa kuweka meza yake sokoni.

Kwa wanawake mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria, kanuni iliyorithiwa kutoka sheria za Ubelgiji. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliiondoa. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana, wote wawili kwa usawa. Mama akiombwa leo sahihi ya mume, ana haki ya kuuliza kama mume naye akija kukopa anaombwa sahihi ya mke.

Je, dawa ni kumpa kila mtu sertifika? Mzee ana wasiwasi. Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia 2003, yeye alikuwa kati yao, na baadaye alipata karatasi ya nyumba yake. Hakuwahi kuikopea.

– Deni halilali, mwanangu. Wewe unalala, lenyewe linahesabu. Wakija kuchukua nyumba, wajukuu nitawaweka wapi?

Kenya ilipita njia hiyo. Mwaka 1954 mpango wa serikali ya kikoloni uliopewa jina la Swynnerton ulianza kuwagawia wakulima hati ili wapate mikopo. Walioandikishwa mara nyingi walikuwa wanaume wakubwa wa familia, na wake na ndugu wengine walijikuta nje ya karatasi. Wakulima wengi waliogopa kukopa kwa udongo wa baba zao.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji chenyewe kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kutumika kama garanti. Uganda nayo ilikubali hati ya udongo wa desturi mwaka 1998. Nchi hizo bado zina kesi nyingi za udongo. Lakini zinaonyesha kwamba karatasi inayotoka kijijini inaweza kuandikwa katika kitabu cha serikali. Si lazima desturi na sertifika zibaki maadui kama zilivyoachwa 1885.

Kwa familia zilizohamishwa, na zile zinazongoja

Wiki mbili kabla ya safari ya mama, watu walipita mtaani na rangi, wakaandika nambari kwenye kuta za nyumba. Nyumba yake ina nambari. Hakuna aliyemweleza maana yake. Ndiyo maana alitaka mkopo haraka: akihamishwa, awe na biashara inayoweza kusimama mahali pengine.

Hofu hiyo ina sababu. Mnamo Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na shirika la Kolwezi IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Kati ya mahali palipotajwa ni Mukumbi, hapa Mutoshi, palipochomwa Novemba 2016. Kampuni yenye kibali ilikana kuhusika. Familia za Mukumbi, kwa upande wao, zilibaki na majivu, na makaratasi ya wengi yaliungua pamoja na nyumba.

Hapa ndipo makaratasi ya mfuko wa plastiki yanapopata kazi yake. Kifungu cha 281 cha Sheria ya Madini kinamlazimisha mwenye kibali kumlipa anayenyimwa matumizi ya udongo, kwa thamani ya udongo ule pamoja na nusu yake juu. Na kinaeleza udongo huo ni upi: ni ule ambao watu wameutumia siku zote, ao wanautumia kwa kweli, kwa haki yoyote ile. Hakisemi sertifika. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, nayo inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Na kanuni za madini za Juni 2018 zina sehemu nzima, nyongeza ya 18, juu ya namna ya kuhesabu, kulipa na kuhamisha familia.

Kwa hiyo barua ya shefu, fishi ya lupango na alama za vidole vya mashahidi, vilivyokataliwa kwa mkopo, vinaweza kusimama kwa fidia. Familia ambazo bado ziko mahali pake zifanye kopi za makaratasi na kuweka kopi moja kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine. Zipige picha za nyumba, kisima na miti ya matunda. Wanaokuja kuhesabu wakifika, jina la mke liandikwe kando ya jina la mume. Msitie sahihi karatasi ambayo hamkusomewa kwa lugha mnayoielewa. Na walioungua bila karatasi wawatafute mapema mashahidi waliotia vidole, maana mashahidi nao wanazeeka.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mama kupokea likelemba. Wenzake walifikiri atanunua unga. Alisema hapana. Feza hizo ataanza nazo safari ya sertifika: kwanza ataenda kadastre kuuliza kama lupango yake iko ndani ya kibali cha mgodi ao nje, na kama iko nje, atalipia kupimwa. Mwanamke mmoja alimuuliza: na kama iko ndani?

– Basi nitajua ni mlango gani wa kupiga hodi, alijibu.

Mzee amekubali kumsindikiza. Wanaondoka Jumatatu asubuhi, na mfuko wa plastiki.